Maranda ya Nyoka na Kifua cha Fundi

Mwezi Julai katika milima ya Umatengo asubuhi huwa na baridi inayopenya nguo, na wagonjwa wa kifua hufika kliniki wakiwa wamejifunika mablanketi. Nilikuwa mjini Mbinga kwa huduma mkoba ya madaktari bingwa, nikiwaona wagonjwa wa pumu na wa vikohozi vya muda mrefu. Siku ya pili aliingia fundi seremala, kijana wa miaka 27, mwenye mabega mapana na pumzi fupi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Karibu uketi. Kifua kina muda gani?"

Kilikuwa na miezi minne. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, kilizidi jioni na usiku, na kiliambatana na mluzi kifuani. Makohozi yake yalikwisha kupimwa mara mbili bila kukutwa na vimelea vya kifua kikuu, na hilo lilifanyika ipasavyo, kwa maana katika nchi yetu kikohozi kinachozidi wiki mbili hakina budi kuchunguzwa kwanza kwa kifua kikuu. Baada ya hapo alikuwa amepewa antibiotiki za aina tatu, moja baada ya nyingine, bila nafuu yoyote. Nilimsikiliza kifua, nikamwomba apulize kwa nguvu katika kifaa cha kupima kasi ya pumzi, nikaandika matokeo. Alipokuwa akivaa shati lake ndipo aliponiuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi mapema, "Samahani, daktari. Ni maranda ya mti gani yasiyomdhuru nyoka?"

Muuguzi aliyekuwa nami aliacha kuandika.

Ilibidi aeleze. Mwaka uliopita, baada ya mavuno, panya walikuwa wamevamia mahindi yake. Siku moja alimkuta ghalani nyoka mwembamba wa rangi ya kahawia, mwenye mstari wa rangi ya maziwa kila upande wa kichwa unaopita jichoni. Badala ya kumuua, kama jirani yeyote angalivyofanya, alimwacha, na panya wakapungua. Baadaye alimtengenezea sanduku la mbao lenye wavu juu, akamtandikia maranda kutoka karakana yake, akaliweka chumbani kwake ambako mdogo wake naye hulala. Sasa nyoka huyo alikuwa anahema mdomo wazi, mate yenye mapovu yakimtoka, na alikuwa hajala kwa majuma kadhaa.

Sikumcheka. Nilimwomba anitajie miti inayopita mikononi mwake kwa wiki nzima, kwa sababu nilikwisha kuhisi kwamba yeye na nyoka wake wanaugua kutokana na chanzo kimoja.

Harufu nzuri na madhara yake

Mti hauna miguu ya kukimbia wadudu wala mikono ya kufuta kuvu. Hujilinda kwa kemia. Mafuta yanayonukia, utomvu, tanini na rangi zilizomo katika kiini cha mbao ni silaha zake, na ndizo zinazoufanya mninga udumu miaka mingi bila kuliwa na mchwa. Seremala husifu mbao ya namna hiyo, na ni haki yake. Lakini silaha hizo haziishi nguvu mti unapoangushwa. Randa inapopita juu ya ubao na kuchana maranda membamba, eneo la mbao lililo wazi kwa hewa huongezeka mara nyingi, na mafuta yaliyokuwa yamefungwa ndani hutoka kwa wingi. Kiumbe anayelala juu ya maranda hayo ndani ya sanduku huvuta mafuta hayo usiku na mchana.

Walioligundua jambo hili vizuri walikuwa wanasayansi wa maabara, tena bila kulitafuta. Mwaka 1967 mtafiti Elliot Vesell alichapisha katika jarida la Science taarifa kuhusu panya waliokuwa wakipewa dawa ya usingizi iitwayo heksobabitali. Panya waliolazwa juu ya maranda ya mwerezi mwekundu na ya misonobari walizinduka mapema kuliko wenzao. Sababu ilikuwa kwamba mvuke wa maranda hayo ulikuwa umeamsha vimeng'enya vya ini, na ini likawa linaivunjavunja dawa kwa kasi isiyo ya kawaida. Maranda ya miti migumu isiyonukia, kama ile ya Ulaya na Marekani iitwayo beech, birch na maple, hayakufanya hivyo. Hilo linafaa kumshtua daktari, kwa kuwa panya hao hawakula maranda. Walilala juu yake tu.

Nyoka yuko katika hali mbaya zaidi ya panya. Nyoka wengi hutegemea pafu moja la kulia, refu kama mfuko, wakati la kushoto limedumaa au halipo kabisa. Chatu ndio walio na mawili. Nyoka hana kiwambo, yaani msuli ule unaotenganisha kifua na tumbo, wala hawezi kukohoa kwa nguvu kama sisi na kutoa kamasi. Uchafu ukiingia hubaki. Zaidi ya hayo huishi kifua chini, pua yake ikiwa kwenye vumbi lenyewe, na kila anapotoa ulimi huokota chembe za hewa na kuzipeleka katika kiungo cha kunusia kilicho juu ya kinywa. Nyoka anayehema mdomo wazi huku mapovu yakitoka, kwa kawaida, ana uambukizo wa njia ya hewa, na vumbi, mvuke wa mbao, unyevu na baridi ni miongoni mwa vinavyomfikisha hapo.

Kwa sababu hiyo wafugaji wa nyoka katika nchi ambako jambo hili ni la kawaida wamekatazana mwerezi kabisa. Msomaji asidhani kwamba mwerezi ni mti wa Lebanoni pekee. Mwerezi mwekundu wa mashariki mwa Marekani, kwa elimu ya mimea, ni ndugu wa karibu wa mtarakwa wa milima yetu ya kaskazini, na mafuta yao yananukia kwa namna inayofanana. Mkafuri nao usifikiriwe. Mkaratusi, ambao watu wengi wa nyanda za juu kusini huuita mlingoti, una mafuta makali hasa katika majani. Mbao zake zinanukia kidogo, lakini maranda mabichi yaliyochanganyika na magome na majani hayafai.

Ama paina, uliopandwa kwa wingi kuanzia Njombe hadi Mbinga, ndio unaoleta ubishi. Mbao yake mbichi ina utomvu wenye asidi ya abietiki, ile ile inayowapa pumu mafundi wa redio na simu wanaochomelea waya kwa kutumia utomvu wa msonobari. Ikikaushwa katika tanuri maalumu, sehemu kubwa ya mafuta yanayoruka huondoka. Mbao nyingi za karakana zetu, hata hivyo, hukaushwa juani kwa majuma machache, na fundi huzipiga randa zikiwa bado zinanata. Maranda ya namna hiyo nisingempa nyoka, wala kifaranga, wala mtu wa kulalia.

Yako maranda mengine ambayo hatari yake haitokani na mti. Mbao za paina za kuezekea na nguzo za umeme mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, kromu na aseniki, na huwa na rangi ya kijani iliyopauka. Maranda yake ni sumu. Yasitandikwe popote, na vipande vyake visiwe kuni za jikoni kamwe, kwa kuwa majivu na moshi wake hubeba aseniki. Nimewahi kuingia jikoni nikamwona mama akisukumia motoni kipande cha kijani alichopewa bure na fundi aliyemwezekea nyumba, na wote wawili walikuwa wakifanya jambo jema kadiri walivyojua. Mbao za kubandikwa kwa gundi nazo hutoa fomaldehaidi zinapokatwa.

Ugonjwa wa fundi mwenyewe

Nirudi kwa mgonjwa wangu. Miti aliyoitaja ilikuwa paina, mninga, mvule anapoupata, mgrevilea unaokatwa katika mashamba ya kahawa ambako hupandwa kwa kivuli, na maembe ya pwani ya ziwa yanayoletwa na jamaa zake wa Liuli. Ukiacha paina, ambao tumekwisha kuusema, kila mmoja una sifa yake katika vitabu vya tiba ya kazi. Vumbi la mvule hujulikana kwa kuleta ukurutu na pumu. Mninga huwasha pua na kifua. Mgrevilea una kemikali za jamii moja na zile zilizomo katika maji ya ganda la korosho, zinazoweza kuunguza ngozi ya mtu aliyekwisha kupata mzio. Mwembe, ambao ni ndugu wa mkorosho, hubeba kemikali za namna hiyo katika utomvu wake. Ningeongeza mkangazi, mpingo na msaji, ingawa yeye hakuwa anaitumia.

Nilimwuliza swali ambalo nawasihi wahudumu wa afya walikariri: "Ulipokwenda msibani kijijini, kifua kilikuwaje?" Alinyamaza kidogo, akasema alikuwa amekaa Liuli siku kumi na kikohozi kikakoma, akadhani ni hewa ya ziwa. Aliporejea Mbinga, siku ya tatu kilirudi. Huo ndio mwenendo wa pumu itokanayo na kazi. Mgonjwa hupata nafuu akiwa mbali na vumbi na huzidiwa anaporudi, na mara nyingi dalili hufikia kilele saa kadhaa baada ya kuacha kazi, usiku, hata mtu asiunganishe mambo hayo mawili. Yeye, zaidi ya hapo, alikuwa akitoka katika vumbi la karakana na kulala katika chumba chenye sanduku la maranda yale yale.

Kipimo cha kasi ya pumzi ni rahisi na kinafaa hata katika kituo cha afya. Mgonjwa apulize asubuhi, mchana na jioni kwa wiki mbili za kazi, kisha kwa wiki nyingine akiwa mapumzikoni, akiandika namba katika daftari. Tofauti ya kurasa hizo mbili humwambia daktari mengi kuliko picha ya eksirei ya kifua, ambayo kwa wagonjwa hawa mara nyingi huwa safi. Asipewe antibiotiki ya nne. Apewe dawa ya kuvuta yenye steroidi pamoja na ya kufungua njia ya hewa, afundishwe kuivuta, na vumbi lipunguzwe, kwa sababu mtu anayeendelea kuvuta kitu kinachomletea mzio anaweza kubaki na pumu ya kudumu hata akiacha kazi miaka ijayo.

Liko jingine ambalo haliponi kwa dawa ya kuvuta. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya pua na mashimo ya mifupa inayoizunguka, na huja baada ya miaka mingi ya kazi. Fundi mwenye umri mkubwa ambaye pua moja imeziba bila kuzibuka, au inatoa damu upande mmoja, asiambiwe ni mafua. Apelekwe kwa daktari wa pua, koo na masikio.

Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Inayofaa ni ile inayobana uso, ya daraja la N95 au FFP2. Kulowesha sakafu kabla ya kufagia husaidia sana. Kupuliza vumbi kwa kompresa, jambo ambalo vijana hulipenda kwa sababu ni la haraka, huligeuza vumbi lililotulia kuwa hewa ya kuvutwa na wote. Aliyeajiriwa anapaswa pia kujua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlinda, na kwamba magonjwa ya kazini yako chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mgonjwa wangu alijiajiri mwenyewe, kwa hiyo sheria hizo hazikumpa mengi.

Basi nyoka alale juu ya nini?

Alisubiri jibu, nami nililitoa kadiri ya elimu yangu, nikimwonya kwamba mimi ni daktari wa watu. Kwa nyoka wa kahawia wa nyumbani, ambaye hana sumu ya kumdhuru binadamu, kitandiko bora katika mazingira ya Mbinga ni magazeti ya zamani. Hayana vumbi, hayana mafuta yanayonukia, mkojo na kinyesi huonekana mara moja, na yakichafuka hutupwa. Wafugaji wa Marekani husifu maranda ya mti uitwao aspen, ulio mweupe na usio na harufu, lakini haukui kwetu na sioni sababu ya kuuagiza. Pwani hutumika nyuzi za makumbi ya nazi. Pumba za mpunga kutoka Lituhi zina vumbi linalokwaruza. Maganda ya kahawa, ambayo Mbinga ni milima na milima, yana kafeini na huvunda upesi, yarudishwe shambani.

Mahali nako kuna neno. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga mjini ni juu zaidi kwa mamia ya mita. Barabara ya kilomita 66 hivi inayoteremka hadi Mbamba Bay humtoa msafiri kwenye sweta na kumfikisha kwenye jasho. Kitandiko chochote cha mbao kikipata joto na unyevu wa ufukweni huota kuvu ndani ya siku chache, na mbegu za kuvu huingia katika pafu la nyoka na la mwenye nyumba vilevile. Nyoka anayelala juu ya unyevu hupata malengelenge tumboni, kisha magamba huoza. Huku juu shida ni baridi. Nyoka hajitengenezei joto la mwili, na akipoa kinga yake hushuka. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo lilinitisha kuliko maranda, kwamba usiku wa baridi kali kijana alikuwa akiingiza jiko la mkaa chumbani ili nyoka apate joto, kisha anafunga dirisha. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Nilimwambia wazi kwamba angeweza kuamka asubuhi moja asimkute mdogo wake hai, au asiamke mwenyewe.

Ipo pia salmonela. Nyoka, kenge, kobe na jamaa zao hubeba bakteria hao matumboni bila kuugua na huwatoa katika kinyesi, ambacho hukauka na kuchanganyika na kitandiko. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofikia inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia kinywani na kuugua. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto mwenye malaria, utapiamlo au VVU anaweza kupata salmonela inayoingia katika damu, na dalili yake ya pekee ikawa homa bila kuharisha. Mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito na mwenye kinga pungufu wasimguse mnyama huyo wala sanduku lake. Sanduku lisioshewe jikoni. Na mhudumu anayemwona mtoto mwenye homa kali ambaye kipimo cha malaria ni hasi, au aliyetibiwa malaria homa ikaendelea, aulize habari za wanyama wa nyumbani wote, si wa kawaida tu.

Halafu sheria. Wanyamapori wa Tanzania wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na nyoka ni mnyamapori hata akiwa ghalani mwako. Kumwacha aishi ghalani akila panya ni jambo moja. Kumfungia ni jambo jingine linalohitaji kibali. Nilimshauri amwone afisa wanyamapori wa wilaya kabla hajamwona mtu mwingine. Kukaa na nyoka kunahitaji ujuzi ambao hata wenye ujuzi huulipia. Ionides, bwana nyama wa enzi ya ukoloni aliyekamata maelfu ya nyoka akiishi Liwale na Newala, aliumwa mara nyingi maishani mwake. Vituo kama cha Meserani nje ya Arusha na Bio-Ken kule Watamu, Kenya, vina masanduku yenye kufuli, vyombo vya kushikia na mipango ya tiba.

Kidole gumba

Nilidhani tumemaliza. Akasema, "Na huyu mwingine je, mweusi?" Mdogo wake, wa miaka 14, alikuwa amemwokota nyoka wa pili katika lundo la unga wa mbao nyuma ya karakana, mweusi anayeng'aa, urefu wa mkono, akitaka kumpatia wa kwanza mwenzake. Alikuwa amemshika nyuma ya kichwa, kama alivyoona watu wanavyofanya. Nilimwomba amlete kijana.

Aliingia mkono ukiwa mfukoni. Ncha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, kavu, na ukucha umeanza kuachana na nyama. Waliwahi kusema ni jeraha la msumeno, nao waliowatibu wakaamini.

Nyoka mweusi mwenye kichwa kisichotofautiana na shingo, macho madogo kama punje, na mkia mfupi unaoishia kwa mwiba, ambaye huishi chini ya ardhi, majani yaliyooza na malundo ya mbao, ni wa jamii ya Atractaspis. Meno yake ya sumu ni marefu na hutokeza pembeni ya mdomo huku mdomo umefungwa, kwa hiyo haiwezekani kumshika nyuma ya kichwa kwa usalama. Hugeuza kichwa kidogo tu na kumchoma anayemshika. Kwa macho ya asiyejua, anafanana na nyoka wengine weusi wasio na madhara. Spishi inayopatikana kusini mwa Tanzania kwa kawaida haiui, lakini huleta maumivu makali, uvimbe, na kuoza kwa ncha ya kidole. Hakuna dawa ya kuzuia sumu yake inayouzwa. Tiba ni dawa ya maumivu, kuinua mkono, kinga ya pepopunda, kusafisha jeraha, na kungoja tishu iliyokufa ijitenge kabla ya kukata. Kukata mapema huondoa zaidi ya kinachopaswa.

Kwa hiyo tusiwaze tu juu ya nyoka wa kwenye sanduku. Kila karakana yenye lundo la unga wa mbao, kila nyumba yenye kuni zilizopangwa zikiegemea ukuta wa jiko, imemtandikia nyoka bila kukusudia, hasa panya wanapokuwa karibu. Kuni zipangwe juu ya kichanja, mbali na mlango. Lundo lichotwe kwa koleo, si kwa mikono. Swila, nyoka atemaye mate, hufuata panya ndani ya nyumba usiku na humng'ata aliyelala chini. Kitanda kilichoinuka na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro huzuia mbu na nyoka pia.

Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, afikishwe kituoni. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, asiwekewe jiwe jeusi wala kumwagiwa mafuta ya taa. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji safi mengi. Kituoni, mililita 2 za damu ziwekwe katika chupa ya kioo iliyo safi na kavu, isitikiswe kwa dakika 20. Isipoganda, sumu imevuruga mfumo wa damu. Dawa ya kuzuia sumu itolewe kwa mwenye dalili, adrenalini ikiwa tayari mkononi, na iwe ile iliyotengenezwa kwa nyoka wa Afrika, kwa maana ya nyoka wa Asia haisaidii wagonjwa wetu. Shirika la Afya Duniani lilitambua kuumwa na nyoka kuwa ugonjwa wa kitropiki uliosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka. Wengi wao hawafiki hospitalini.

Niliporudi Mbinga mwezi Novemba, fundi alikuja na daftari lake la namba za pumzi, limejaa mpaka jalada la nyuma. Alikuwa ameacha mvule na mgrevilea, amehamishia randa nje chini ya mwembe, na anavuta dawa zake asubuhi na jioni. Nyoka wa kahawia alikufa wiki moja baada ya tulipoonana. Yule mweusi walikuwa wamemrudisha porini ndani ya ndoo, pamoja na afisa wanyamapori. Kidole cha mdogo wake kilipona kikiwa kifupi kwa ukucha mmoja, na kijana alinionyesha kwamba bado anaweza kushika randa, ila hulazimika kuikaza kwa kiganja.